Tumehamia nyumba ya ukuta na geti, mwanangu akapunguza maneno. Mtaa una nafasi gani katika makuzi ya mtoto mdogo?

BintiNgambo (mwenye uzi)

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Nimezaliwa Jang'ombe, mjini Zanzibar, nimelelewa Jang'ombe, na mpaka mwaka jana tulikuwa tukiishi hapo hapo kwa bibi yangu, mimi, mume wangu na kijana wetu. Tomondo, pembezoni mwa mji, tulikuwa tunajenga pole pole, mwaka huu matofali, mwakani bati, na ukuta ulimalizika kabla ya nyumba yenyewe. Siku tuliyohamia mtoto alikuwa na miaka miwili na miezi minane. Niliswali rakaa mbili za kushukuru. Choo ndani, maji ya tangi, uwa mpana, mtoto acheze bila ya kukanyagwa na boda.

Baada ya miezi mitano hivi nikaanza kushituka. Mtoto aliyekuwa akisema kama chiriku, sasa akitaka maji anavuta kanga yangu na kunyoosha kidole. Ukimuuliza anaitikia kwa kichwa. Maneno mapya hayaji, na yale aliyokuja nayo anayarudia yale yale.

Nikampeleka kupimwa masikio, yako sawa. Pahala pa pili nikaambiwa watoto wa kiume wengine huchelewa, nistahamili. Pahala pa tatu nikakutana na muuguzi mtu mzima, hata hakumshika mtoto. Alinitazama akaniuliza: "Anacheza na nani?" Nikafungua mdomo nijibu, nikaona sina jina la kumtajia.

Usiku ule sikulala. Nikawa naihesabu njia ya Jang'ombe kichwani. Kutoka mlangoni kwa bibi mpaka dukani kwa Mpemba ni hatua kama sitini. Mwanangu alikuwa akizipiga kila asubuhi, kashikwa mkono na binamu yake wa miaka sita, kiganjani ana sarafu ya mia mbili. Hatua ya kumi, mzee anayeshona viatu barazani: "Bwana mkubwa, wapi safari?" Haendi mpaka aseme. Mbele kidogo, bi mkaanga bajia: "Mama yako keshaamka?" Vijana wa keram nao: "Simba au Yanga?" Akijibu vibaya wanampigia kelele, naye anacheka mpaka anakaa chini. Akifika dukani, mwenye duka hampi bigijii kwa kuonyeshewa kidole. "Sema unataka nini. Sikusikia. Sema tena." Kisha arudi, na wote wale wamuulize kanunua nini, na wengine wamwambie awaonjeshe, ajifunze kutoa na ajifunze kukataa.

Ilikuwa hata saa nne haijafika, mtoto wa miaka miwili na nusu keshajibu maswali kumi ya watu wazima wasiomzaa. Hakuna hata mmoja pale aliyejiita mwalimu.

Tomondo hatua sitini zote ziko ndani ya ukuta wangu. Mimi natoka asubuhi, dada wa kazi ana nguo na jiko, na mtoto anawekewa katuni. Katuni inasema kutwa, lakini haimsubiri ajibu. Nimekuja kujua kwamba hapo ndipo penyewe. Ubongo wa mtoto wa miaka mitano umeshafikia kama asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima, na wataalamu wa makuzi wanasema kinachoujenga ni kuitana na kuitikiana: mtoto anatoa sauti, mtu anaijibu, mtoto anaongeza. Mara mia kwa siku. Mimi na baba yake hatuzifikishi mara mia, tukirudi kazini jua limekuchwa.

Nawauliza mliohamia Fuoni, Kisauni, Kijitoupele, Chuini na kwengineko. Mmeliona hili kwa watoto wenu? Na mlifanya nini?

FundiMagharibi

Wa alaykum salaam dada. Pole, na Mungu amfanyie wepesi mtoto.

Lakini tusiifanye Jang'ombe pepo. Mimi nimeishi bondeni upande huo, mvua za masika zikipiga maji yanaingia mpaka uvunguni mwa kitanda, na si maji ya mvua peke yake, ni ya vyoo pia. Mwanangu wa kwanza aliharisha mara tatu katika msimu mmoja. Mara ya tatu tulimbeba usiku, macho yameshazama. Wale wazee wa barazani walimpenda sana mwanangu, wallahi, na mmoja ndiye aliyetupa gari. Lakini mapenzi yao hayakuzuia maji.

Watu hawakukimbia majirani. Sensa ya 2012 ilituhesabu Zanzibar watu 1,303,569, ya 2022 ikatukuta 1,889,773. Hao wote wakae wapi, Ng'ambo, mitaa ile ya zamani ya mjini? Mtaa wa mtoto ni watu, sawa, lakini ni mtaro na maji na choo vilevile.

Muuguzi_KusiniPemba

Naunga mkono alichosema FundiMagharibi, na nataka kuongeza kitu kilichofanyika huku kwetu Pemba ambacho Wapemba wenyewe wengi hatukijui.

Kuna utafiti wa watoto 614 wa miezi 6 mpaka 59, matokeo yake yalitoka 2001. Watoto walipewa madini ya chuma kidogo kila siku kwa muda wa mwaka, wengine wakapewa dawa isiyo na kitu, na ukaangaliwa mwendo na lugha yao. Waliopata chuma lugha yao ilikwenda mbele zaidi, na wale waliokuwa na upungufu mkubwa wa damu hata kutembea na kuchezesha viungo kuliimarika. Yaani mtoto anaweza kuwa na majirani mia wanaomsemesha, lakini ana safura, damu hana, hana nguvu ya kuwaitikia. Anakaa tu. Sisi tunasema "huyu mpole". Nimeviona vitoto vipole vingi sana kliniki, na siku hizi neno hilo likitajwa mimi huvuta kope la chini la jicho nikaangalia wekundu.

Ila tafadhalini msiende dukani mkanunua chuma. Utafiti mwingine wa hapa hapa Pemba, uliotoka 2006, ulikuta kwamba chuma walichopewa watoto wote bila kupimwa, mahali penye malaria nyingi, kilizidisha kulazwa na vifo. Kisiwa kile kile na madini yale yale, lakini mbu wa mtaani wakaigeuza dawa kuwa hatari. Mimi sijapata mfano mkubwa kuliko huu wa jinsi mahali panavyoingia ndani ya mwili wa mtoto. Alhamdulillah baadae malaria Zanzibar ilishuka chini ya asilimia moja, na hilo halikupatikana nyumba moja moja. Ukipiga dawa kwako na jirani asipige, mbu hajui mpaka.

Dada mwenye uzi, mtoto wako kapimwa damu?

BintiNgambo

Kapimwa, bi muuguzi, damu yake nzuri. Ahsante sana kwa kuuliza. Na la kope nimeliandika.

MtotoWaMichenzani

Mie nimekulia kwenye treni za Michenzani, yale majengo marefu ya ghorofa ya mjini, ghorofa ya juu. Yale majengo yalipojengwa miaka ya 1970 bibi yangu alilia kuhamishwa kwenye kibanda chake cha udongo, hakujua atakaa baraza ya nani. Lakini watu wakaigeuza ile njia ndefu ya mbele ya milango kuwa baraza. Milango wazi kutwa, vitoto vinaingia nyumba hii vinatokea ile, unakula ulipokutwa na chakula.

Nakumbuka kikapu. Muuza mboga akipita chini, bibi anateremsha kikapu kwa kamba na pesa ndani, mimi kazi yangu kupiga kelele bei na kuhesabu chenji kikipanda. Nilikuwa sijaanza skuli. Nikikosea, muuzaji anacheka kule chini na jirani wa mlango wa tatu ananisahihisha.

Kwa hiyo si ghorofa wala si ukuta, kwa maoni yangu. Ni kama mlango uko wazi au haupo wazi.

Mwl_Maandalizi

Nafundisha maandalizi, yaani skuli ya awali, mwaka wa kumi na sita huu, nilianza shamba, sasa niko mjini. Acha nieleze ninachokiona siku ya kwanza, maana mtoto akiingia darasani huja na mtaa wake mdomoni.

Nilipokuwa upande wa Jambiani, vitoto vya miaka minne vilinifundisha mimi. Maji kupwa, maji kujaa, bamvua, maji mafu, vinayajua, kwa sababu tokea kilimo cha mwani kilipoanza kule mwaka 1989 mama zao hushuka pwani maji yakitoka, na vyenyewe vinafuata nyuma na vindoo. Kitoto kimoja kiliniambia, "Mwalimu, leo huwezi kwenda mbali, maji yatakukuta." Hiyo ni hesabu ya muda, ni sayansi, na ni adabu ya kumuonya mkubwa, yote katika jumla moja. Hakuna kitabu nilichokuwa nacho kilichokuwa na maneno hayo.

Mjini napokea watoto wanaojua rangi kwa Kiingereza na hawajui kumuomba mwenziwe zamu ya bembea. Wanapiga au wanalia. Si kosa lao, hawajawahi kuwa na mtu wa kugombania naye bembea. Mtoto wa nage na gololi anakuja ameshajifunza kwamba ukidhulumu hawakuchezeshi tena. Somo hilo mimi kulifundisha hunichukua muhula mzima, mtaani lilikuwa la wiki moja.

Serikali ilifanya jambo kubwa kwenye sera ya elimu ya 2006, ikaingiza miaka miwili ya maandalizi ndani ya elimu ya lazima. Lakini kabla ya hapo na baada ya hapo, ni jamii zilizobeba. Mpango wa skuli za awali za madrasa, ule aliouanza Bi Swafiya Said kule Mombasa, ulifika Zanzibar 1990, na sharti lake lilikuwa hili: kijiji kiombe chenyewe, kiunde kamati, kitoe pahala, na walimu wawe mabinti wa hapo hapo. Vituo vya Tucheze Tujifunze navyo, sisi tunaviita TUTU, vilikaa chini ya miembe na mabandani, redio moja katikati, na mzazi wa kijijini kajitolea kusimamia. Redio inauliza swali kisha inanyamaza, watoto wajibu. Dada mwenye uzi aliposema katuni haisubiri jibu nikaikumbuka redio ile. Ilikuwa inasubiri, na mlezi yupo kusikia kilichojibiwa.

Na mtoto wa jirani alipokuwa haji, mlezi alijua mlango wa kwenda kugonga.

UmmuWatatu

Nimesoma yote na moyo umeniuma, nimeandika nikafuta mara mbili.

Mnaisifu milango wazi. Mimi mlango wangu nimeufunga na sitaufungua. Kuna mtoto wa karibu yangu, sitasema ni nani wala wapi, alidhalilishwa na mtu aliyekuwa anakaa kwenye baraza hiyo hiyo mnayoitaja. Mtu wa kusalimiwa, mtu wa kupewa mtoto ashikiliwe. Na mtaa ulijua tabia zake. Baada ya kutokea ndipo watu wakaanza kusema, ah yule, sisi tulikuwa tunamdhania. Mlikuwa mnamdhania mkanyamaza! Muhali. Ni mtoto wa fulani, ni shemegi wa fulani, tusiaibishane, tutazungumza kifamilia. Ilipofika pahala pa kutoa ushahidi, watu kumi waliokuwa wakimuuliza mtoto "umenunua nini" hawakuonekana hata mmoja.

Kwa hiyo msinambie macho ya mtaa. Macho yalikuwepo.

Mwl_Maandalizi

Bi Ummu, pole mno. Huna haja ya kufungua mlango kwa sababu yetu. Nimewahi kukaa na mtoto wa aina hiyo darasani, na ulichosema cha muhali ni kweli tupu. Ukitaka kuzungumza faragha nitumie ujumbe.

Mwanafunzi_Uchumi

Kaka zangu na dada zangu, niruhusuni nilete vitu viwili ninavyovisoma, maana alichosema Bi Ummu kinahusika moja kwa moja.

Cha kwanza ni Marekani. Kuanzia 1994 hadi 1998 serikali yao ilichukua familia zipatazo 4,600 za kimasikini katika miji mitano, Baltimore, Boston, Chicago, Los Angeles na New York, ikapiga kura. Waliobahatika walipewa hati ya kuwasaidia kodi ya nyumba ili wahamie mitaa yenye umasikini mdogo. Kwa miaka mingi watu walidhani limeshindwa, kwa sababu wazazi waliohama kipato chao hakikubadilika. Mwaka 2015 mchumi Raj Chetty na wenzake wakawafuata wale waliokuwa watoto. Waliohama kabla ya kutimia miaka 13, walipofikia ishirini na kitu walikuwa wanapata kipato kikubwa zaidi kwa kama asilimia 31. Waliohama wakiwa wakubwa kuliko hapo hawakufaidika, na huenda walipoteza kidogo. Walihama nyumba moja siku moja, ndugu wawili, mmoja ana miaka mitano na mwengine kumi na sita, na mtaa ule ule ukawapa vitu tofauti. Kila mwaka wa udogo una uzito wake.

Cha pili ni Chicago. Mtaalamu wa elimu ya jamii Robert Sampson na wenzake, matokeo yao ya 1997, waliwahoji wakaazi 8,782 katika mitaa 343. Hawakuuliza tu "mnapendana?" Waliuliza kama vile: watoto wakitoroka skuli wakakaa pembeni ya njia, jirani yako ataingilia? Wakimvunjia adabu mtu mzima, ataingilia? Mitaa ambayo watu walijibu kwamba ataingilia, na kwamba wanaaminiana, ukatili ulikuwa mdogo, hata ukilinganisha mitaa yenye umasikini sawa.

Ndiyo maana nasema Bi Ummu hajapinga uzi, kautia msumari. Kuona bila kuingilia si chochote. Mtaa wake ulikuwa na salamu nyingi, na ilipofika zamu ya kumkabili mkosa ukakaa kimya. Sisi Waswahili tunasema mkono mmoja haulei mwana, lakini mikono yote ikishikwa na muhali, mtoto yuko peke yake katikati ya watu.

UmmuWatatu

Umesema. Ahsante.

BintiNgambo

Nimechelewa kurudi, nilitaka kwanza nione tunachokifanya kama kina maana kabla ya kuandika.

Bi Ummu, maneno yako niliyasoma kwa sauti kwa mume wangu. Ndiyo yaliyotufanya tubadilishe mpango. Tulikuwa tunataka kufungua geti tu, vitoto viingie. Badala yake tumejenga kibaraza nje ya ukuta, kando ya geti, pahala ambapo kila anayepita anaona. Baada ya kuswali alasiri tunakaa hapo mpaka karibu ya magharibi, mimi nikiwahi kurudi, au dada wa kazi pamoja na mama mwengine. Wawili daima, mtu mmoja hakai peke yake na watoto. Hakuna mtoto anayeingia nyumba ya mtu. Nilikwenda nyumba moja moja kusema hivyo waziwazi, na mama mmoja akasema, "Afadhali umelitaja wewe, mimi nilikuwa naona haya." Tulikuwa tumeishi mlango kwa mlango miezi kumi na moja, sikujua jina lake.

Siku tatu za mwanzo tulikaa wenyewe. Mwanangu ameshika geti hataki kutoka. Siku ya nne ikapita bibi mwenye sinia la mihogo ya kukaanga kichwani, akatua kupumzika, akamuuliza, "Wewe unaitwa nani?" Mtoto akanitazama. Nikataka kumjibia, ulimi uko mdomoni kabisa, nikaukaza. Bibi hakuondoka. Alipanga mihogo yake, akafunga chumvi na pilipili katika vikaratasi, akasubiri. Ilikuwa kimya kirefu sana. Kisha mtoto akasema jina lake, polepole, na la baba yake akaongeza.

Sasa wanakuja watoto sita, saba, siku nyengine kumi. Kuna gololi, kuna ugomvi wa gololi. Kaokota tusi moja vilevile, siwafichi, na aliyemkemea wa mwanzo si mimi, ni baba wa watoto wa nyumba ya kona, akaniambia baadae. Nilisikia raha kukemewa mwanangu, sikutegemea.

FundiMagharibi, mtaro wetu wa mbele umeziba na mbu wameanza. Tukiwa barazani ndipo tulipouzungumza, tumekubaliana Jumapili wanaume wauzibue na jina la mtaa lipelekwe kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaani. Bila kibaraza kila mmoja angenyunyiza dawa chumbani kwake.

Maneno yanarudi. Jana kaja ananikimbilia, "Mama, mwenzangu kanidhulumu." Neno hilo ndani ya nyumba yangu hatulitumii.

FundiMagharibi

Mashaallah. Jumapili ipi? Niko Tomondo kazini, naweza kupita na sururu.

MtotoWaMichenzani

Mama watoto kaisoma hii na yeye anataka. Kibaraza kimekula nini?

BintiNgambo

Matofali sitini na mifuko miwili ya saruji, mchanga tulikuwa nao. Urefu hatua nne. Usikiinue sana, miguu ya watoto ifike chini. Na muambie fundi akiweke upande unaopata kivuli cha alasiri, sisi tulikosea mwanzo ikabidi tutie turubali.